Nimemkalia Mkwe Wangu Juu

Leo nimemkalia mkwe wangu juu, na sijutii.

Binti yangu mdogo kajifungua huko kijijini Mitundu. Tangu alfajiri nataka kwenda, matako hayatulii.

Lakini pikapu yetu kuukuu, tangu iinuliwe springi isigonge visiki, ikikimbia inatetemeka kama ina homa. Fundi ni mkwe, mume wa binti mkubwa. Akaingia uvunguni mwa gari na kabari za kuchomeka chini ya springi, eti propela, lile chuma refu linalozungusha magurudumu ya nyuma, imekaa mshazari mno.

Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, sembuse kugusana.

Nikasikia anaita, "Jamani, mtu apande nyuma, nipime gari likiwa na uzito!"

Nyumbani nipo mimi tu. Nikakanyaga ndoo, nikapanda. Ndoo ikabingirika.

"Ehee, hapo hapo! Una uzito mzuri wewe! Nani huyo?"

"Mama mkwe wako."

Nikasikia spana imemdondoka.

"Kaza, baba. Mtoto ananisubiri."

Akakaza. Akatokea upande wa pili, uso ukutani. Sasa nashukaje? Gari refu, ndoo imekwenda, na mkono wake siushiki.

"Mama, niazime ngazi kwa jirani?" akauuliza ukuta.

"Washa gari!"

Nimekwenda mpaka Mitundu nyuma, juu ya gunia la unga, kama mbuzi wa mnadani. Halikutetemeka hata kidogo.

Sasa nimempakata mjukuu. Mkwe kagoma kuingia ndani, nimeagiza apelekewe uji wa mzazi, bakuli kubwa.

Nyie wenye wakwe, mngeshuka?