Chupa ya Kubakiza

Kazi ya maabara Coletha aliisomea chuoni, lakini tabia ya kubakiza aliitoa kwa mama yake kule Didia. Mama hakuwahi kumimina kibuyu cha maziwa ya mgando kikaisha. Kidogo kilichobaki ndicho kilichogandisha maziwa ya kesho.

Mjini Shinyanga, katika maabara ya mifugo, Coletha alikuwa na wiki ya sita akilea seli za figo ya ndama. Bila seli hizo, ugonjwa wa mapele ya ngozi wa ng'ombe usingepimika hapa. Chakula cha seli hizo ni maji mekundu kama juisi ya rosela, yenye sukari, chumvi, na yale majimaji ya njano yanayojitenga damu ya ng'ombe ikiganda. Majimaji hayo yalikuwa yakiagizwa ng'ambo. Ng'ambo! Mkoa umejaa ng'ombe, halafu tusubiri damu ije kwa ndege! Coletha alikataa. Alikwenda kwa mzee Bujiku, mfugaji, akatoa damu shingoni mwa maksai wake, akatengeneza chakula mwenyewe. Alilisha chupa kumi na moja. Ya kumi na mbili akaiachia chakula cha ng'ambo kilichosalia.

"Hiyo unaibania ya nini?" Ansgar, mwenzake wa maabara, alimtania. "Nayo si mwanao?"

"Hiyo ni ya kubakiza."

Kesho yake asubuhi Bujiku alifika maabara kwa baiskeli, uso umejaa furaha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Maksai wangu alipendeza, eeh? Alfajiri ile kabla hujaja nilimwogesha dawa ya kupe, nikaikoroga kali mara mbili. Mgeni amkute na kupe? Aibu!"

Coletha aliikumbuka shingo ile iliyolowa. Alidhani ni umande, akaipangusa mara moja tu na kuchoma sindano; kumbe dawa iliingia pamoja na damu. Akakimbilia darubini. Chupa ya kwanza: seli zimejikunja, zinaelea. Ya pili vilevile. Mpaka ya kumi na moja. Akaweka ya mwisho, ile ya kubakiza.

Seli zilikuwa zimetanda, zimeshikilia sakafu ya chupa, zimebanana.

"Ansgar, zipo! Zipo hai!" Alicheka huku akifuta machozi.

"Kwa hiyo nimeua?" Bujiku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kumi na moja, baba. Na mimi nimekusaidia kuua. Ila hii moja nitaigawa kwenye chupa nyingine, zitajaa tena."

Mzee akashusha pumzi. "Basi njoo Jumatatu ijayo. Utamkuta mchafu, na kupe wake wote."