Maji ya Kichwa cha Yaya

Nilipokuwa mtoto pale Ndosho, hakuna kitu tulichokiogopa kama mama kushika ziwa lake, titi alilotunyonyesha, akiwa na hasira. Viboko tulivizoea. Lakini mama akishika ziwa akatamka neno, tuliamini neno hilo litakuandama popote, na wa kuliondoa ni yeye mwenyewe tu, kwa kukutemea maji utosini.

Mama alitulea peke yake, mimi na yaya Furaha, dada yangu mkubwa. Baba alirudi kwao Kalengera kabla sijazaliwa. Yaya alipoingia umri wa kujibizana, nyumba ikawa haikaliki. Jumapili moja baada ya misa akafunga mfuko wake.

"Minaenda kwa papa. Ni weye ulimufukuza, si mimi."

Huo ulikuwa uongo, na ulimchoma mama vibaya. Aliacha kutwanga majani ya sombe, akashika ziwa lake juu ya blauzi.

"Kama ni hii ulinyonyaka, hautafika."

Yaya akasonya, akapanda pikipiki, akaenda zake. Jioni mama alikaa mlangoni na kikombe cha maji, tayari kumwondolea neno lile. Alikuwa na hakika kwamba njaa itamrudisha.

Wiki ile ile vita vikafunga barabara ya Rutshuru, ile ya kwenda Kalengera. Kwa baba hakufika, nyumbani hakurudi. Tuliuliza parokiani, kambini, kwa madereva. Hakuna aliyemwona.

Basi kila asubuhi kabla ya shule mama aliniita, "Leta kichwa." Alinitemea maji, akasema, "Furaha, nimeondosha neno yangu." Nilikwenda darasani nywele zimelowa, nimebarikiwa kwa jina lisilo langu. Nilimhurumia sana mama. Wivu nao ulikuwepo, siwezi kuuficha.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina binti anayenijibu vilevile. Siamini tena kwamba ziwa la mama hufunga barabara. Walioifunga ile walikuwa na bunduki. Juzi hatimaye nilimwambia mama hivyo. Nikamwambia pia kwamba wengi waliopotea njiani siku zile waliagwa vizuri, wakabarikiwa na mama zao, na bado hawakufika.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Najua, mutoto yangu," alisema. "Lakini bale bamama banalalaka usingizi."