Tangazo la Amour

Amour aliwahi kuuza kanda, akauza saa, na mwaka 2002 akafungua duka la intaneti Mkunazini, mjini Unguja. Kompyuta sita, feni moja, na ukutani tangazo ndani ya fremu: "Siri ya mteja ni amana. Hatusomi barua za watu." Chini yake saini, na muhuri aliouchongesha mwenyewe. Watu wakaamini. Sisi ukituonyesha muhuri hatuulizi nani kaupiga.

Ambalo hakuliandika ni kwamba kompyuta ya mezani kwake ilimwonyesha kila kilichoandikwa kwenye vioo vya zile sita. Jioni, barazani kwenye kahawa, alikuwa na habari kuliko redio.

Shemsa, mwalimu wa Bububu, alikuwa akiandikiana na Hisham aliyekuwa Maskati. Walishakubaliana. Ilibaki wazee wa Hisham walete barua ya posa kwa Mzee Kheir, ami yake Shemsa aliyemlea. Barua ilichelewa wiki moja, Amour hakuchelewa. Mzee Kheir akaisikia posa ya mwanawe barazani, kikombe mkononi, watu wanamcheka. Barua ilipofika, akairudisha bila ya kuifungua.

Shemsa alilia siku mbili. Ya tatu alirudi dukani, akalipia nusu saa, akamwandikia rafiki wa kubuni: "Mwenye nyumba ya duka anamtoa Amour Ijumaa." Kabla ya adhuhuri Amour alikuwa kwa mwenye nyumba, anamlilia.

"Nani kakwambia uongo huo?" mwenye nyumba akashangaa.

Shemsa akamchukua mwenye nyumba awe shahidi, wakamfikisha Amour kwa sheha, mkuu wa mtaa.

"Kakosa, Bi Shemsa, hilo halina ubishi," sheha akasema. "Lakini nimshitaki kwa sheria gani? Angekuibia kuku ningejua pa kumpeleka."

"Na tangazo lake?"

"Tangazo kaliandika mwenyewe. Akilivunja, kavunja lake."

"Nami nshaomba radhi, jamani," akadakia Amour, kama aliyemkanyaga mtu kidole.

Basi, kesi ikaisha. Amour alitengeneza tangazo jipya, kubwa zaidi, herufi za dhahabu, na watalii wakawa wanalipiga picha. Mzee Kheir hakurudi nyuma. Mwaka uliofuata Hisham alioa huko huko Maskati, akamwandikia dada yake habari hiyo. Dada aliisoma asubuhi, dukani kwa Amour, chini ya tangazo. Alasiri Shemsa akapewa pole njiani na mtu asiyemjua.