Mistari Aliyoifuta Nassor

Nna hasira leo!

Asubuhi Mama kanipigia simu, yuko kliniki, mtaa wa Al Khoudh. Hajala kitu tangu jana, anasubiri kutolewa damu ya kupimwa. Wanamwambia miadi yake imesogezwa wiki ijayo.

"Mbona nimeletewa ujumbe nije leo?" ananiuliza.

Ujumbe huo unatumwa na programu niliyoiandika mimi!

Niliiandika hivi: kila inapoamka kutuma ujumbe ipewe muunganisho mpya wa database, yaani daftari la miadi la kliniki, isome miadi, iufunge. Naifungua, mistari hiyo haipo. Kaifuta Nassor, mwenzangu wa kazini. Sasa programu inapewa muunganisho mmoja tu inapowashwa, inaung'ang'ania, haisomi upya, na tarehe ilizozisoma mwanzo ndizo hizo hizo inazozituma.

Namuuliza, ananijibu huku anakunywa kahawa yake:

"Yakhe, nimeifupisha tu. Si inafanya kazi?"

INAFANYA KAZI!

Nikampigia Mama, nikafungua spika, nikamwekea Nassor simu sikioni. "Haya, mwambie Mama inafanya kazi."

Akababaika. Mama, wallahi, hata hakumgombeza:

"Nassor, mwanangu, hujambo? Mamako nnaye hapa pembeni. Na yeye kaletewa ujumbe, na yeye hajala."

Jamani, nimgombeze mimi, au nimwachie mamake?