Gundi ya Soli Kwenye Utumbo wa Maua

Naona haya kuandika, lakini kwa vile picha yangu imeshazunguka simu za watu kuanzia Sagalla mpaka Miasenyi, afadhali mjue na ukweli wake, na mumjue aliyeniponza: Mwakio, mume wa dada yangu, fundi viatu.

Nina mjukuu mchanga, mamake hayuko, na maziwa ya ng'ombe yanamharisha, kwa hivyo anakunywa ya Maua, mbuzi wangu mmoja tu aliyekuwa na maziwa. Jumamosi asubuhi Maua akaruka seng'enge akapasuka tumbo, utumbo ukachungulia, na huo utumbo wenyewe una tundu. Nikafunika na leso iliyoloweshwa maji nikampigia daktari wa mifugo. Akaniambia, "Usiguse kitu mama, mlete Voi nimshone."

Hapo ningetoka. Lakini Mwakio alikuwa amekaa kwangu anakunywa chai (yangu), akasema, "Shemeji, kushona ni mambo ya kale. Siku hizi wanabandika. Nimeona kwa simu, mbwa amepasuka ini, madaktari wakapaka gundi, damu ikakata." Akatoa mfukoni supaglu yake ya soli. Mimi niliyeishia darasa la nne nikaona huyu wa simu amenizidi, nikabana lile tundu kwa vidole viwili, yeye akamimina.

Ikashika utumbo, ikashika ngozi, ikashika na vidole vyangu, tena ikawaka moto mpaka Maua akalia kama mtu. Mwakio akanivuta mkono mara moja, akapigwa teke, akasema, "Ngoja kidogo," akaenda zake. Mpaka leo nangoja.

Basi nikapanda bodaboda nimempakata mbuzi, mkono umenasa tumboni mwake, leso amefungwa yeye, mimi gauni limepasuka nyuma, tukapita sokoni Voi watu wakiacha kununua ili watazame. Daktari hakucheka. Alinifokea. "Gundi ya mwili ipo, mama, lakini imetengenezewa mwili, si viatu. Na hiyo inafaa ini, kwa sababu ini ni laini, uzi unalikata. Utumbo unacheza wakati wote, huo unataka uzi. Hii imemuunguza."

Na kushona hawezi mpaka mimi nibanduke, na cha kunibandua ni ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, iko saluni ya jirani. Msusi akaja na bakuli, nyuma yake wasichana wamesukwa nusu kichwa, simu juu. Akanipangusa kidole kimoja kimoja akiuliza, "Mamangu, nikimaliza nikupake rangi gani?" Wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa namwangalia Maua anavyohema.

Daktari akakata kipande kilichoungua, akashona. Maua akaishi siku mbili. Lile tundu la kwanza, daktari aliniambia, lilikuwa la kushonwa mara moja na kurudi nyumbani.

Kosa langu nalikubali: niliambiwa na mwenye kazi, nikamsikiliza mnywa chai. Kidonda cha mnyama wangu hakitaguswa tena na mtu aliyejifunzia kwenye simu, hata awe askofu. Lakini Mwakio bado anasimulia kibandani kwake eti shemeji yake alitaka kuwa daktari, na mtoto hapa analia njaa.

Mwakio, una mbuzi wawili wanaokamuliwa. Pole zako sizitaki. Lete mmoja.