Mkoba Mweusi wa Mchungaji

Nakiri ujinga wangu: utotoni niliamini kwamba mchungaji wetu wa Kilutheri ndiye aliyekuwa anaua watu. Juzi nilitoka nyumbani kununua chumvi hapa mtaani Makanyagio, safari ndefu kwa mzee kama mimi, nikaona bodaboda imebeba mkoba mdogo mweusi kama wake. Nikapisha njia upesi.

Kule Mwese nilikokulia, mchungaji alipanda milima kwa miguu kuwapelekea wagonjwa Chakula cha Bwana, mkate na divai vikiwa mkobani. Mimi niliona jambo moja tu: kila nyumba ulimoingia mkoba ule, haukupita muda watu wakalia. Basi mchana mmoja alipofika kwetu kumwona bibi, aliyekuwa hajasema neno siku tatu, niliufukia mkoba ndani ya mahindi ghalani.

Mchungaji alikaa kando ya kitanda, ananuka jasho na vumbi la njia. Ndipo bibi akafumbua macho, akautazama ukuta wa upande wa ghala.

"Mjukuu wangu, rudisha. Nina njaa."

Hakuna aliyekuwa ameniona. Nilikimbia ghalani, nikaurudisha. Mchungaji alipangusa vumbi la mahindi kwenye kikombe cha divai, akaniwekea mkono kichwani.

"Hata mimi naogopa," akaninong'oneza. "Kila nyumba."

Bibi alikula, akatabasamu, na kabla jua halijazama akafariki. Nikamrukia mchungaji kwa ngumi, nikimwita muuaji. Jirani yetu Mama Yusta akanivuta sikio.

"Nyamaza, we mtoto! Kifo kiko humu tangu juzi. Mchungaji ndo kachelewa."