Betri za Redio ya Mama

Kwenye kituo cha redio alikofanya kazi walimwita Bi Betri, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Hakuna mwandishi aliyetoka na kinasa sauti bila kuhubiriwa kwanza. Betri za kuchaji, aliwaambia, ni kama mgeni mwenye haya, hasemi ana njaa mpaka aanguke. Zitakuonyesha zimejaa, kisha zikate ghafla, na mahojiano ambayo hujayahifadhi yapotee. Za kawaida hupungua polepole, unaziona zinakokwenda. Na ya kawaida iliyokwisha kutumika, hata mara moja, hairudi kazini. Hizo alimpelekea mama yake zimalizikie kwenye redio, naye mama alizipokea kwa mikono miwili.

Lakini mganga hajigangi. Asubuhi ile daktari alipiga simu kusema upasuaji hautangoja wiki ijayo, ni leo mchana. Uvimbe ulikuwa umeshika koo, na wangeondoa kisanduku cha sauti chote. Mama angepona, alisema, ila asingeongea tena. Bi Betri alifungua droo ya ofisini akakuta za kuchaji tu. Akazitia kwenye kinasa ili akaihifadhi sauti ya mama, alama ikaonyesha zimejaa, akaiamini. Duka la mbele ya hospitali lilikuwa limetundika betri mpya mlangoni, naye akalipita mbio. Haraka haraka haina baraka, tunaimba sote, na hatujifunzi.

Wodini mama alikuwa ameketi kitandani, amevaa gauni la hospitali, redio yake ndogo kando ya mto. Sauti ilishaanza kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Alisimulia siku aliyomzaa bintiye, jinsi mvua ilivyovuja juu ya kitanda, na mkunga alivyomfokea baba mtu kwa kuziba mlango. Binti alicheka kimyakimya, kama kazi ilivyomzoeza, macho kwenye kijitaa chekundu cha kinasa. Alama ilisema bado zimejaa. Kisha kijitaa kikazimika.

Alibonyeza, akabonyeza tena. Kinasa kiliwaka kidogo, kikaonyesha hakuna kilichohifadhiwa, kikafa. Na muuguzi alikuwa ameshafika na kitanda cha magurudumu, akasema kwa upole kwamba madaktari wako tayari. Bi Betri alimsihi ampe nafasi akimbilie dukani. Muuguzi akatikisa kichwa, kwa sababu lifti ilikuwa imezuiwa kwa ajili yao.

"Chukua za redio yangu," mama akasema, akihamia kitanda kile.

"Mama, hizo si makapi yangu? Haziwezi kukiwasha."

"Zako ziko nyumbani, kwenye kopo." Mama alimeza mate kwa taabu. "Zilikuwa zinanikatia katikati ya kipindi chako. Nikaona haya kukwambia. Huwa nanunua mpya."

Miaka yote binti alikuwa amejiona mkarimu. Alifungua mgongo wa redio, akahamisha betri zile, nazo zilikuwa saizi ileile. Kijitaa kikawaka. Muuguzi alikuwa ameanza kusukuma, basi naye akaenda ubavuni mwa kitanda, kinasa mkononi, mpaka mbele ya lifti.

"Sema, mama. Chochote tu."

Mama alimtazama, akavuta pumzi, na ikatoka sauti ileile iliyokuwa ikimwamsha aende shule.

"Umekula? Hujala, nakuona. Nenda ukale. Halafu nirudishie betri zangu redioni, nikiamka nizikute. Kusema sitasema, lakini kusikia nitasikia, na kesho una kipindi."

Kitanda kikaingia. Binti alingoja milango ifungwe, akahifadhi, akasikiliza kuhakikisha, akalia palepale kwenye korido bila kujificha kwa mtu. Kisha akarudi wodini, akazitoa betri kwenye kinasa, akazirudisha redioni kama alivyoagizwa.